Neno Alilolileta Karani Zacharia

"Sauti yako ni ya kishairi, Wayua."

Wayua alisimamisha mkono kwenye mti wa kahawa. Alikuwa akiimba kidogo kidogo ili uchovu usimwangushe. Nyuma yake alisimama Karani Zacharia, mpima kahawa wa shamba lile la Thika, suruali imenyooshwa kwa pasi ya makaa.

"Ya nini?"

"Ya kishairi. Yaani kitu kizuri namna ya shairi. Si lazima kiimbwe. Ukikiona tu, moyo unasikia kama kimeimbwa. Hata unavyotembea ni kishairi."

Mwaka huo wa 1957, nani alikuwa akimwambia mchuma kahawa maneno hayo? Wayua alirudi nyumbani kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, akiwa ameshika neno lake vizuri lisimpotee.

Jioni mumewe, Kisilu, alirudi kutoka kiwanda cha mkonge. Wayua akamwekea isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akamjaribu.

"Kisilu, sauti yangu ikoje?"

"Ikoje namna gani?"

"Ukiisikia."

Kisilu alitafuna mahindi kwanza.

"Naisikia kidogo. Ile mashine imeharibu masikio yangu."

Basi. Akala, akalala.

Na mimi sitamtetea, Kisilu alikuwa mume wa kuchosha. Salamu yake ya kila asubuhi ilikuwa kumgonga mkewe begani mara mbili, kama mtu anayebisha hodi, kisha huyoo, ameenda kazini. Wayua aliamka na hasira zake kila siku.

"Ananiamsha kama punda," alimwambia jirani yake, Kamene.

Kila alipoinuka alikuta moto umewashwa na debe limejaa maji. Lakini mtu akichoka sana haoni debe.

Wiki hiyo Zacharia alikuja tena shambani.

"Ijumaa nahamia Ruiru, nimepata kazi huko. Njoo stesheni tupande treni ya mchana."

"Karani, mimi ni bibi ya mtu."

"Na huyo mtu amekuambia neno gani zuri tangu akuoe?"

Wayua alirudia kuchuma kahawa. Swali lile lilimchoma mpaka usiku.

Ijumaa alfajiri akagongwa begani kama kawaida. Kisilu alipotoka, Wayua aliosha sufuria zote, akatia leso zake kwenye kiondo, akafunga mlango kwa kufuli. Alikuwa njiani alipoona ufunguo bado uko mkononi. Kumwacha mume alikuwa ameshaamua. Kumfungia nje baada ya siku nzima ya mkonge, moyo ulikataa. Akakata kona kwenda kiwandani.

Mlangoni alimkuta nyapara, Mzee Makau. Kelele za mashine zilikuwa za kutoboa kichwa, wakawa wanazungumza kwa kupiga kelele.

"Mzee, nimemletea Kisilu ufunguo!"

"Ngoja kidogo, mama! Ona, ndiyo anashika zamu!"

Wayua akachungulia. Mwanamume mmoja alikuwa akilisha mashine majani ya mkonge, mgongo umempinda kwa uchovu. Kisilu akamjia kwa nyuma, akamgonga begani mara mbili. Yule mtu akajiondoa bila kugeuka, akaenda kukaa chini. Kisilu akaingia mahali pake.

"Mzee Makau! Kule kumgonga ni nini?"

"Ni lugha yetu! Humu ndani hakuna anayesikia mwenzake! Ukigongwa hivyo unaambiwa, pumzika, kazi yako nimeshika mimi!"

Wayua aliketi juu ya rundo la nyuzi za mkonge. Akakumbuka moto, akakumbuka debe. Kumbe hakuwa akiamshwa. Alikuwa akiambiwa alale, na kila siku alikuwa akiinuka kwa hasira. Machozi yalimtoka palepale, wala hakuona haya.

Huko stesheni treni ililia.

"Nimpe ufunguo?" Makau akauliza.

"Hapana, mzee. Narudi nao."

Kamene alimwona akirudi na kiondo, akamvuta ndani mpaka akamtapikia habari yote. Alipofika kwenye lile neno, Kamene akashika kiuno.

"Ya kishairi? Wewe! Si hata mimi aliniambia mandazi yangu ni ya kishairi! Nikampa mawili ya bure!"

Wayua hakucheka. Alikuwa amechoka mno, hata nguvu ya kuaibika hakuwa nayo.

Jioni Kisilu aliingia, akakiona kiondo pembeni. Akaketi karibu na moto. Wayua akamsogelea karibu na sikio.

"Leo nilikuwa naenda Ruiru na karani."

"Nilijua kuna kitu. Umekuwa ukiniangalia kama mgeni."

"Mbona hukunizuia?"

Kisilu alichochea moto kwanza.

"Nilikuona umechoka, Wayua. Ningekuambia nini? Nilikugonga begani, nikaenda."

"Nilidhani unaniambia niamke."

"Leo?"

"Tangu tuoane."

Kisilu alimkodolea macho. Kisha akacheka kicheko cha mtu asiye na nguvu, akajifuta uso kwa kiganja.

"Aiee. Na mimi nikasema, huyu mwanamke hata nikimwambia pumzika hasikii."

"Ungetumia mdomo."

"Mdomo nimeusahau kule kwa mashine. Nisamehe."

"Na wewe unisamehe."

"Imenichoma," alisema Kisilu. "Sitakudanganya. Lakini umerudi."

Alishika debe, aende kuteka maji ya usiku. Wayua akamfuata hadi mlangoni. Akamgonga begani mara mbili.

Kisilu aliganda. Kisha akaachilia debe bila kugeuka, akarudi kuketi karibu na moto. Wayua akaliokota debe, akaenda bombani akiimba, kwa sauti kubwa kidogo, ili ifike kwenye yale masikio.