Mbwa Aliyeitwa Trafiki

Kila asubuhi Upesi alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kuosha sufuria, na kumfikisha mdogo wake shuleni. Mbili za kwanza alizimaliza mbio mbio, ndiyo maana akaitwa Upesi. Ya tatu ndiyo iliyomshinda. Mdogo wake, mtoto wa miaka sita, mfupi wa mviringo, ambaye nyumbani walimwita Kifungo, alitembea kama mtu anayehesabu mawe ya njiani, tena kila jiwe alilisalimia.

Mama yao alikuwa dobi. Kabla ya kutoka na furushi lake la nguo alirudia agizo lilelile: mkifika barabara kuu, mkono wa mdogo wako usiuachie. Upesi aliitikia vizuri sana. Akifika kona ya kwanza, aliuachia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na wenzake walikuwa wameshaanza kumwita yaya.

Barabara yenyewe haikuwa na huruma. Malori yalipita yakitikisa madirisha, pikipiki zikajipenyeza kama panya ghalani, na mistari myeupe ya kuvukia ilikuwa imefutika, imebaki mmoja mmoja kama meno ya bibi. Hapo ndipo alipokaa Trafiki, mbwa wa manjano asiye na mwenyewe. Aliketi ukingoni pamoja na watu, akasubiri pamoja na watu, na wakati ukifika alivuka kichwa juu, mkia juu, kama mwenye kibali cha serikali. Watoto walimwamini kuliko walivyomwamini mwalimu wa hesabu. Walisema hakuna aliyemfuata Trafiki akaguswa na gari.

Kwa hiyo Upesi alimwambia mdogo wake amfuate Trafiki tu, naye akabaki nyuma kupiga soga.

Siku moja alikuwa akibishana na wenzake nani ataimba mbele siku ya wazazi. Alisikia breki kwanza. Zililia kwa muda mrefu, kisha mbwa akalia mara moja, kisha kimya. Alipogeuka, lori la mchanga lilikuwa limesimama juu ya mistari, na mbele ya gurudumu palikuwa na kiatu kimoja kidogo cheusi.

Miguu yake ilitaka kukimbia. Mkono mgumu ukaukamata mkoba wake kwa nyuma. Alikuwa fundi viatu aliyefanya kazi pale ukingoni, bwana mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake.

"Simama," akasema. "Tukiwa na mmoja barabarani, tusiwe na wawili."

"Ni mdogo wangu, mjomba."

"Najua ni nani. Pikipiki ile ipite kwanza."

Ikapita. Ikapita na nyingine. Upesi hakuweza kuona kilichokuwa upande wa pili wa lori, na kile kiatu kilizidi kuwa kidogo kila alipokitazama. Fundi alinyanyua mkono, magari yakasimama, ndipo wakavuka.

Kifungo alikuwa ameketi ng'ambo, mguu mmoja mtupu, goti limechubuka. Dereva wa lori aliketi kwenye ngazi ya gari lake, akirudia kwamba naye ana mtoto kama huyo. Trafiki alikuwa mtaroni akilamba mguu wa nyuma.

"Nilimfuata Trafiki, dada," Kifungo akasema. "Si ulisema."

Njiani Upesi alipanga maneno: mama akiuliza, waseme alianguka uwanjani. Kifungo alikubali kwa sharti kwamba awe alianguka akifunga goli.

Kutwa nzima Upesi hakusikia somo. Kila lori lilipopita nje, alishika ukingo wa dawati. Jioni, mama alipokuwa akisafisha lile goti kwa maji ya chumvi, Kifungo alisimulia goli lake, goli zuri sana, hata golikipa aliyemfunga akamtungia jina. Mama akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomshinda Upesi. Kesho mama angebeba furushi lake akiwa na amani, na amani hiyo ingekuwa ya uongo. Akasema yote: kona, mkono, mbwa, kiatu.

Mama hakupiga kelele. Alikamua kitambaa mpaka tone la mwisho, kisha akakikamua tena kikiwa kikavu.

"Goti litapona," alisema hatimaye. "Lakini siku moja ningekuwa nafua nguo za watu huko, kumbe huyu sinaye tena, na sababu nisingeijua maisha."

Kesho yake alichelewa kazini kwa makusudi, akawapeleka kwa fundi viatu kumshukuru. Fundi alikuwa amemfunga Trafiki mguu kwa kipande cha ngozi laini, akadai huyu ndiye mteja wake wa kwanza asiyelalamika kwamba kiatu kinabana. Upesi akamuuliza lililomkosesha usingizi: ilikuwaje Trafiki, anayeijua barabara vile, akakosea?

"Haijui hata kidogo," fundi akasema. "Mimi naketi chini, kazi yangu ni miguu. Huyu hatazami magari, anatazama miguu yenu. Mtu akinyanyua, naye anakwenda. Jana mchukuzi mmoja alinyanyua mguu, akakumbuka kasahau kamba yake, akarudi. Mbwa hakurudi. Nyinyi mnamfuata mbwa, na mbwa anawafuata nyinyi. Sasa niambie, mwanangu, anayetazama magari ni nani?"

Mama ndiye aliyejibu, polepole, kama anayekunja shuka.

"Nilikukabidhi mdogo wako wewe, sikumkabidhi mbwa. Dhamana haipokezwi wengine njiani kama mpira. Na barabarani macho hayaazimwi. Kila anayevuka atazame kwa yake."

Wakasimama ukingoni. Upesi alimshika Kifungo mkono, akatazama huku, akatazama kule, akasubiri lori lipite, akasubiri na pikipiki iliyojificha nyuma yake. Trafiki alikuja akichechemea, akaketi kando yake, akivikodolea macho viatu vya Upesi.

Upesi akaikaza miguu yake chini, kisinyanyuke hata kisigino, mpaka barabara ilipokuwa tupu kabisa.