Mbwa Wasiohema

Bosi aliruka kutoka kwenye mkeka, akasimama mbele ya mlango miguu imekazana, akafungua mdomo abweke. Mdomo ukafumba. Akafungua tena, ukafumba tena, taratibu, kana kwamba mkono usioonekana umemshika taya. Shingoni mwake taa ndogo ya kijani iliwaka na kuzimika.

Hiyo ndiyo ilikuwa kolakimya ikifanya kazi. Vihisio vyake vilisikiliza koo la mbwa, na kabla sauti haijatoka vilituma mkondo hafifu kwenye misuli ya taya. Mbwa hakuumia; hakusikika tu. Kwa sababu ya kifaa hicho Jiji la Dodoma lilikuwa limekubali mbwa waishi tena kwenye minara, ambako maelfu ya watu walilala ukuta kwa ukuta. Mhandisi aliyekibuni, Winfrida Mligo, alikuwa jikoni akiosha vyombo. Hakujua kwamba ana mgeni mpaka alipogeuka akamkuta mwanamke amesimama sebuleni.

"Mlango ulikuwa wazi," mwanamke alisema. "Nimepiga hodi mpaka nimechoka. Hata huyu mbwa wako hakunisemea."

Alikuwa mtu mzima, amejifunga kilemba cha kitenge, jasho linamtiririka shingoni. Mikononi alibeba kitu kizito kilichofungwa kwa khanga.

"Shikamoo, mama. Karibu uketi."

"Marahaba. Sikuja kuketi. Naitwa Foibe, nashona nguo ghorofa ya tatu. Wewe ndiye uliyetengeneza hii?"

Akatupa mezani kolakimya aliyokuja nayo. Kisha akapiga magoti, akafungua khanga. Ndani yake alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, macho wazi, taya limekaza.

"Anaitwa Watasema. Jina nililitoa kwa ajili ya majirani, waliokuwa wakisema mjane anafuga mbwa kwa kukosa watoto. Nilipopata wa pili nikamwita Tutaona. Basi, ndiyo hivi tumeona."

Winfrida aligusa tumbo la mbwa. Lilikuwa bado la moto, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Joto limempiga, mama. Mlimwacha juani?"

"Juani wapi? Ndani! Ubaridi wa mnara umekatwa tangu asubuhi, umeme umepelekwa viwandani. Mimi natoka jasho, najimwagia maji. Yeye amekaa tu ananitazama. Nikajua ametulia. Si ndivyo tangazo lenu linavyoimba, mbwa mtulivu, nyumba tulivu?"

 Winfrida aliiweka kola juu ya kisomeo, mashine ya kusomea kumbukumbu zake. Kwenye kioo ikatokea mistari, kila mstari ukiwa ni mara moja ambayo taya lilifumbwa. Asubuhi ilikuwa michache. Kadiri jua lilivyopanda ilisongamana, mpaka kioo kikawa cheusi. Halafu ikakoma.

Alijua maana yake kabla hajataka kuijua. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Hupoza damu yake kwa kuachama, kutoa ulimi nje na kuhema upesi upesi. Hilo alifundishwa mwaka wa kwanza wa chuo.

"Tulizijaribu kwetu Njombe," alisema polepole. "Mwezi wa saba, asubuhi majani yana sakitu, umande ulioganda. Mbwa wa kule hawakuwa wakihema, mama. Hapakuwa na joto la kuwahemesha. Kwa hiyo mashine haikujifunza kuhema ni nini. Ikisikia pumzi za haraka kooni, inadhani mbwa anaanza kubweka."

"Inamfumba."

"Inamfumba."

Foibe aliinuka. "Mwanangu, mimi si mwanafunzi wako. Tutaona yuko chini, na yeye ameanza kunitazama vilevile. Hiyo kola nimeikata kwa kisu, nimeikata kwa mkasi wa bati. Haikatiki. Ya Watasema ilifunguka yenyewe alipokufa."

Walishuka ngazi mbio. Winfrida alikuwa ameshika kompyuta kibao yake ya kazi mkononi. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa dharura, aliouweka kwa ajili ya ajali ya moto. Kufungua kola moja kulihitaji kibali cha Jiji. Ufunguo ule ulifungua za jiji zima kwa pamoja. Alimpigia mkurugenzi wake, Kihwelo, huku akishuka.

"Mkurugenzi, kolakimya zinaua."

"Zinaua nani?"

"Mbwa."

Kihwelo akashusha pumzi. "Dada yangu, umenishtua. Nilidhani watu. Leta taarifa Jumatatu, kamati ikae."

"Jumatatu watakuwa wamekwisha. Nina ufunguo wa dharura."

"Thubutu! Sheria unaijua. Mbwa asiye na kola hakai mnarani. Roboti wasombaji watatoka wenyewe, hata mimi siwezi kuwazuia. Watasomba mbwa wa jiji zima wawapeleke kambi ya nje ya jiji, na aliyewahi kurudishiwa mbwa kutoka kule simjui. Wa kwako naye yumo. Leseni yako ndiyo usahau kabisa."

Tutaona alikuwa amelala sakafuni kando ya cherehani. Mbavu zilikuwa zikitikisika, lakini mdomo ulikuwa umefumbwa, na taa ya kijani ilikuwa haizimiki. Winfrida alipiga magoti, akainua mdomo wa juu kwa kidole. Ufizi ulikuwa umegeuka zambarau.

"Niahidi hatakufa," Foibe alisema.

Winfrida angependa kusema ndiyo. Alikuwa ameingia kazi hii kwa sababu alitaka watu wapweke wa minarani wawe na wa kuwapokea mlangoni.

"Siwezi, mama. Amekwenda mbali. Ila nakuahidi hatakufa mdomo umefungwa."

"Basi timiza hilo."

Alibonyeza.

Shingoni mwa Tutaona kulisikika mlio mdogo, kola ikaanguka. Papo hapo, kupitia madirishani, zikaanza kelele ambazo jiji lilikuwa limezisahau: mbwa mmoja, mbwa kumi, kisha mnara kwa mnara. Foibe alimwagia Tutaona maji tumboni na kwenye nyayo. Taya likalegea. Ulimi ukatoka, mweusi, mzito, na mbwa akaanza kuhema.

"Anahema! Mwone, anahema!"

Magurudumu yalisikika kwenye korido. "Mbwa asiye na kola," sauti tulivu ilisema nje ya mlango. "Tafadhali fungua."

"Subiri!" Foibe alifoka. "Wewe bati, subiri!"

Magurudumu mengine yalipita, yakapanda kuelekea ghorofa za juu. Winfrida alijua yanakokwenda. Angekimbia sasa, angemwahi mbwa wake Bosi, angalau amshike masikio mara moja kabla hawajamchukua. Alitazama mlango. Kisha akatazama taya la Tutaona, lililokuwa limeanza tena kukaza, safari hii kwa ugonjwa wenyewe.

Hakuinuka. Aliingiza vidole vyake kati ya meno ya mbwa, akauzuia mdomo usifumbe. Kwa mkono wa pili alishika kipande cha kitenge kisichoshonwa, akapepea. Pumzi zilikuwa za haraka, halafu zikaanza kuachana. Meno yakambana, damu ikamtoka kidoleni, naye hakuutoa mkono, hata pumzi zilipokoma, mpaka Foibe alipomgusa bega.

"Inatosha, mwanangu. Mdomo uko wazi."