Madoa Chini ya Rangi

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Husnah kulikuwa na foleni ya kuoga. Shangazi Kulusum aliingia wa kwanza na beseni lake la maji ya moto, kwa sababu alifungua duka mapema. Baada yake aliingia Odyek, mdogo wake Husnah wa miaka sita asiyependa sabuni, na mwisho Husnah, ambaye kwa kawaida alikuwa ameshachelewa. Zamu yake ilipofika, bafu lilikuwa limejaa mvuke, kuta zilitiririka maji na kioo hakikuonyesha kitu. Husnah alikifuta kwa kiganja, akachana nywele zake, akafunga mlango na kukimbilia shuleni.

Walikaa Old Kampala, ghorofa ya pili ya jengo la zamani lenye kuta nene. Baba yao, Abdul-Karim, aliendesha basi la Gulu, kwa hiyo leo alikuwa nyumbani na kesho yuko safarini. Mama yao, Sajenti Joska, alikuwa polisi. Alikuwa ametumwa Somalia kulinda amani, na karibu mwaka mzima watoto walikuwa wakimwona kwenye simu tu. Baba alikuwa Mnubi na mama Mwacholi, hivyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yao, na ndicho walichozungumza kila Jumapili mama alipopiga simu.

Jumapili moja mama aliwaambia kwamba kikosi chao kinarudi, na Jumamosi ijayo atalala kitandani kwake. Odyek alirukaruka kwenye kochi mpaka mito yote ikaanguka. Husnah alijaribu kumaliza chakula chake lakini hakuweza. Tumbo lilikuwa limejaa furaha. Shangazi akaanza papo hapo kupanga mapishi. Angepika malakwang, ile mboga chachu ya kuungwa kwa karanga ambayo mama aliililia kila walipoongea.

Husnah akajipa kazi ya nyumba. Jumatatu alipotoka shuleni alifua mapazia, akasugua sakafu, kisha akavuta kitanda cha Odyek ili afagie nyuma yake. Hapo akasimama. Ukuta ule, ambao upande wake wa pili ulikuwa bafu, ulikuwa na madoa meusi yaliyosambaa kutoka sakafuni hadi usawa wa mto. Yalinuka kama nguo mbichi iliyosahaulika ndooni. Alikwenda bafuni, akatazama juu, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba dari nayo ilikuwa imejaa madoa ya namna hiyohiyo. Alikumbuka kwamba zamani kulikuwa na kidoa kimoja tu pembeni.

Hakutaka mama aone uchafu ule. Chini ya ngazi kulikuwa na kopo la rangi nyeupe iliyobaki baba alipopaka mlango. Hakumwambia shangazi, maana alitaka kumshangaza kila mtu. Jumanne yeye na Odyek walifunga dirisha ili vumbi lisiingie, wakapaka ukuta wa chumbani na dari ya bafu mpaka hata nywele zao zikapata rangi. Odyek alicheka na kukohoa, akacheka tena. Kazi ilipokwisha, chumba kiling'aa. Shangazi aliporudi alishika kiuno, akatabasamu, akasema kwamba Joska atadhani amekosea nyumba.

Furaha hiyo haikudumu. Kesho yake mchana, Odyek alirudi kutoka shuleni akiwa kimya, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake. Alijilaza kitandani. Husnah alipompelekea chai, alikuta mabega yake yakipanda na kushuka kwa kila pumzi, na kifua kikitoa sauti kama filimbi. Alimwita Shangazi kutoka dukani kwa simu. Shangazi alikuja mbio, akambeba mtoto, na wote watatu wakapanda bodaboda hadi zahanati iliyo karibu.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Sista Adoch. Alimvalisha Odyek kifuniko cha mashine ya dawa puani na mdomoni, na polepole mabega yakatulia. Husnah alisimama ukutani akimtazama. Sista aliuliza mtoto ameanza lini kukohoa. Shangazi alisema ni tangu mvua zianze, na kwamba walidhani ni mafua. Kisha Sista akauliza Odyek analala wapi, na kama chumba hicho kina unyevu.

Shangazi alisema chumba ni kizuri, kimepakwa rangi jana tu. Husnah alitazama viatu vyake. Angeweza kunyamaza.

"Ukuta ulikuwa na madoa meusi," alisema. "Nilipaka rangi juu yake. Odyek alinisaidia, na dirisha lilikuwa limefungwa."

Sista Adoch hakumgombeza. Alimshukuru, akaeleza kwamba madoa hayo ni kuvu, yaani viumbe vidogo sana vinavyoota mahali penye unyevu na pasipo na hewa. Vikikauka hurusha chembe ambazo mtu huzivuta bila kujua, na mwenye kifua dhaifu huumia zaidi. Harufu ya rangi ilikuwa imeongeza tu tatizo lililokuwapo. Alimpa Odyek dawa ya kuvuta, akasema asilale katika chumba kile mpaka kikauke kabisa. "Na mtafute maji yanatoka wapi," alimwambia Husnah. "Msipoyapata, madoa yatarudi."

Yalikuwa yameshaanza kurudi. Alhamisi asubuhi Husnah aliona alama za kahawia zikijitokeza katikati ya ule weupe. Baba alikuwa amefika kutoka Gulu alfajiri, naye alikuwa amesikia yote kwa Shangazi. Husnah alitarajia maneno makali, lakini baba alivua shati la kazi na kusema watafute chanzo pamoja.

Walipapasa mabomba yote, na yote yalikuwa makavu. Walikagua paa kupitia dirisha la ngazi, wakakuta mabati ni mazima. Kisha Husnah akakumbuka jinsi kioo cha bafuni kilivyofunikwa na mvuke kila asubuhi. Akauliza mvuke ule huenda wapi.

Baba aliinua macho darini. Halafu akapanda juu ya kiti, akagonga ukuta wa bafu karibu na dari. Pale palikuwa na matundu ya kupitishia hewa, na yote yalikuwa yamezibwa kwa gunia na kipande cha ubao.

"Ni mimi niliyeziba," alisema. "Njiwa walikuwa wanaingia na kujenga kiota. Nikasahau."

Alipovuta ubao, vumbi, manyoya na majani makavu vilimwagika juu ya kichwa chake. Mara upepo ukaingia, ukapiga pazia la bafu na kulipeperusha. Husnah alijikuta akicheka, na Odyek, aliyekuwa amekaa mbali sebuleni, akaomba asimuliwe kinachoendelea.

Tangu hapo kazi ilienda mbio. Baba alipigilia wavu wa waya kwenye matundu, ili hewa ipite na njiwa wabaki nje. Odyek alipelekwa kwa jirani. Husnah na baba walivaa barakoa na glavu, wakafungua madirisha yote, wakalowanisha madoa ili yasirushe vumbi, wakakwangua rangi na kusugua ukuta kwa sabuni. Godoro lililokuwa limeshika harufu lilitupwa. Taulo zilihamia kwenye kamba ya roshani, na walikubaliana kwamba kila atakayeoga atafuta maji ukutani na kuacha dirisha wazi. Ijumaa kioo kilionyesha uso wa Husnah bila kufutwa.

Lakini ukuta ulikuwa na sura mbaya. Ulikuwa na mabaka na mikwaruzo kama ramani, na baba alikataa upakwe rangi kabla haujakauka.

Jumamosi mama alipanda ngazi akiwa na begi mgongoni. Odyek alimrukia shingoni na Husnah akashika mkono wake, asiuachie hata walipokaa. Baadaye mama aliingia chumbani, akauona ukuta. Husnah alimweleza kila kitu, kuanzia kopo la rangi hadi mashine ya zahanati. Hakuruka hata zile pumzi za Odyek.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamvuta karibu.

"Ulitaka kunifurahisha, na hilo naliona," alisema. "Lakini kitu kikiharibika, usikimbilie kukifunika. Kitaendelea kuharibika pale usipokiona, na atakayeumia ni mtu wa karibu nawe. Uliza kimeharibikaje, na useme mapema, hata kama unaona aibu. Jana nilikuwa na hamu ya kuona nyumba nzuri. Leo nimemwona mwanangu aliyesema kweli mbele ya muuguzi, na ndugu yake anapumua."

Kisha akaomba aonyeshwe matundu. Wote waliingia bafuni wakabanana. Mama alimnyanyua Odyek hadi karibu na dari, naye akaweka kiganja chake kwenye wavu, akafumba macho, akawatangazia kwamba upepo unamtekenya.