Kimya cha Wasokota Kamba

"Twaha, nitazame usoni uniambie. Mashimo yetu yamo kwenye eneo la kinu au hayamo?"

Naima alikuwa kwenye tope hadi magotini, kanga kaifunga kibwebwe, anafukua makumbi ya nazi aliyoyafukia tangu mwaka uliopita ili yalainike. Twaha, mchumba wake, alisimama ukingoni na viatu vyake vya kung'aa, hataki hata kusogea.

"Hayamo, mpenzi. Wallahi vile. Kinu cha umeme kitajengwa kule juu kwenye mikorosho."

"Na kitachoma nini?"

"Takataka tu. Pumba za mpunga, vumbi la mbao, makumbi."

"Makumbi takataka? Marehemu mamako kakulea kwa kamba za makumbi, leo unayaita takataka?"

Twaha akacheka, cheko la mtu aliyebanwa. Mwaka ule mgao wa umeme uliwatesa watu wa mjini, ila sie wa Kigamboni umeme wenyewe tulikuwa tunauona kwa macho tu, unawaka ng'ambo. Basi ikaja kampuni na mpango wa kuzalisha umeme kwa kuchoma mabaki ya mimea. Ikamwajiri Twaha kwa muda, kwa kuwa ni mtoto wa hapahapa, aongee na wananchi. Wananchi wakiridhia, ajira inakuwa ya kudumu.

"Sikiliza, Naima. Kesho mkutanoni nyie akina mama msiseme kitu. Mkianza makelele mbele ya wageni, wazee watawafukuza na maneno yenu yatapotea. Niachieni mie, nitayafikisha kwa injinia mwenyewe."

"Utayafikisha kweli?"

"Naima! Kwani mie na wewe si wamoja?"

Mapenzi bwana! Jioni hiyohiyo Naima akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba wasokota kamba wenzake wafunge midomo.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Injinia Ansbert, mtu wa bara, mpole na msemaji wa taratibu, alieleza kinu chake mpaka jasho likamtoka. Wazee wakauliza kuhusu moshi, vijana wakauliza kuhusu ajira. Kisha akageukia nyuma walikokaa wanawake.

"Na akina mama mnasemaje? Nataka nisikie kutoka kwenu."

Kimya.

Bi Hamisa, mama yake Naima, akaanza kuinuka. Naima akamvuta kanga.

"Mama, Twaha kasema tunyamaze."

"Mie nikiulizwa hujibu, mwanangu. Sijazoea kumwachia mtu mdomo wangu."

"Mama, nakuomba. Kwa ajili yangu."

Bi Hamisa akakaa. Ansbert akamtazama Twaha kama anayeuliza, Twaha akamnong'oneza jambo sikioni, injinia akaitikia kwa kichwa kwamba kaelewa. Zikagawiwa soda, watu wakatawanyika.

Baadaye, siku moja mchana, Felicitas mwenye duka, ambaye ndiye peke yake mwenye simu pale mtaani, akapaza sauti:

"Naima! Simu yako! Kimbia kabla haijakatika!"

Naima akaja anahema.

"Haloo?"

"Mke wangu."

"Sijawa mkeo bado, wewe."

"Utakuwa tu. Nimeajiriwa, Naima! Ajira ya kudumu! Naleta wazee wangu kwa babako, Mzee Mwishehe, tupange siku."

Naima aliruka hadi Felicitas akacheka. Kisha akakumbuka.

"Na maneno yetu? Umeyafikisha?"

Simu ikanyamaza kidogo.

"Yamefika, yamefika. Haya, kuna mtu anataka kupiga hapa. Nakupenda."

Naima wetu hakujiuliza kwa nini simu ilinyamaza. Alirudi nyumbani anaimba.

Katapila lilikuja asubuhi moja, halikwenda kwenye mikorosho. Liliteremka moja kwa moja hadi kwenye mashimo, linasukuma udongo. Wanawake wakakimbia wakipiga mayowe. Bi Hamisa akaruka ndani ya shimo lake.

"Simameni! Makumbi yangu yanakaribia kuiva! Mwaka mzima huu, jamani!"

Dereva hakumwona. Ukingo ukaporomoka, udongo ukamfukia hadi kiunoni.

Walimfukua kwa mikono. Injinia Ansbert naye alikuja mbio, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri, akawa anachimba.

"Mama, mnafanya nini huku? Niliambiwa mmeridhia, mmeshahama!"

Naima akamshika mkono.

"Tumeridhia? Kakwambia nani?"

"Twaha. Mashimo haya yamo kwenye ramani tangu mwanzo, akasema keshawaeleza. Siku ile ya mkutano nilimuuliza, mbona akina mama hawajibu? Akasema ndiyo desturi ya pwani, mwanamke akinyamaza kakubali, kama mwali anapoulizwa siku ya kuozwa. Mimi mgeni, dada yangu. Nikaamini."

Naima akamwachia mkono. Mama yake alikuwa analia kwa maumivu ya nyonga, na yeye hakupata nafasi ya kulia.

Bi Hamisa akavushwa na pantoni hadi hospitali ya ng'ambo. Kesho yake Twaha akatokea wodini na machungwa kwenye mfuko.

"Naima, sikujua watakuja mapema vile. Nilikuwa nimepanga niwaambie, wallahi."

Naima alikaa pembeni ya kitanda, kajifunika kanga usoni.

"Nilifanya kwa ajili yako. Mamangu kafa na vidole vilivyokakamaa kama makumbi yenyewe, sikutaka na wewe ufe hivyo. Tutakaa nyumba ya kampuni. Utawasha taa kwa kidole, Naima. Huu usumba, hizi nyuzi za makumbi, hutaushika tena."

Naima hakujibu. Twaha akatazama saa yake.

"Najua umenisamehe. Ungekuwa na hasira ungenitukana, nakujua. Ngoja niwahi pantoni. Ijumaa nakuja na wazee kama tulivyosema."

Nyumbani, Mzee Mwishehe alimwita binti yake uani.

"Alichofanya yule kijana nakijua. Injinia kaja mwenyewe kuniambia."

"Ndiyo, baba."

"Lakini mamako hatembei. Mashimo yamefukiwa. Mie macho yangu unayajua, nyavu sishoni tena. Mwenye mshahara ni huyo tu. Unasemaje, mwanangu?"

Naima akamtazama baba yake, mtu mzima, midomo inamcheza. Akashindwa kumjibu.

"Basi. Mungu akubariki," akasema mzee, akaingia ndani haraka.

Harusi ikafika. Biriani linanukia, wanaume wamejaa barazani, Twaha kwenye mkeka na kanzu mpya. Sheikh Khalfani akaja na mashahidi wawili hadi kwenye pazia la chumba cha bibi harusi.

"Naima binti Mwishehe, unaridhia babako anipe idhini nikuozeshe kwa Twaha?"

Kimya.

"Naima, unaridhia?"

Kimya. Wanawake wakatazamana wakitabasamu. Shahidi mmoja akasema:

"Sheikh, mwali haya zimemshika. Kunyamaza ndiyo ridhaa yake. Twende."

Shangazi akavuta pumzi apige kigelegele.

"Sikubali!"

Kigelegele kikafia kooni.

"Sikubali, Sheikh. Na siku ile ya mkutano sikukubali. Wala hawa wenzangu. Tulinyamaza kwa sababu mie niliwaomba, na mie niliombwa na yeye."

Bi Hamisa alikuwa amelala kitandani humohumo chumbani. Akainua kichwa.

"Mie pia sikukubali. Niandikieni hilo popote mnapoandika."

"Na mie," akasema mwingine.

"Na mie. Shimo langu limefukiwa pamoja na makumbi yake."

Twaha akaja hadi kwenye pazia, kofia mkononi.

"Naima! Mbona hospitali ulininyamazia? Nilidhani yamekwisha!"

"Nilikuwa nalia, Twaha. Ungefunua kanga ungeona. Ukatazama saa."

Hakuna aliyemfukuza. Alisimama pale muda, kisha akavaa viatu akaondoka peke yake, na lile biriani wakala majirani kwa aibu.

Ansbert aliwaeleza wakubwa zake ukweli, akahamishwa. Kinu hakikujengwa mikoroshoni wala kwingine, na mashimo hakuna aliyerudi kuyafukua. Bi Hamisa hakutembea tena bila gongo. Naima nampenda, lakini sitawadanganya: aliwahi kuonekana akilia nyuma ya duka la Felicitas, simu ikiita na yeye haipokei. Alimpenda yule mwanaume.

Mvua zilipokwisha, akashuka mwenyewe na jembe kwenye tope, mbali kidogo na pale pa zamani, akaanza shimo jipya. Hajafika mbali, akasikia hatua nyuma yake. Baba yake kasimama ukingoni na jembe begani.

Naima akanyoosha mgongo.

"Baba, umekuja kunirudisha nyumbani?"

"Nimekuja kuchimba."

Akashuka kwenye tope, taratibu, akipapasa kwa mguu. Naima akampa mkono.