Mbwa wa Harerimana

Saidati alikuwa ameinamia kikapu cha samaki katika soko la ufukweni Gisenyi, akichagua, mara mkono wa mwanamume ukapita mbele ya uso wake na kuzoa vichwa vyote vilivyokatwa.

"We kaka, huna macho? Mutu anachagua hapa!"

"Pole, dada. We beba samaki wenyewe. Vichwa ni vya mbwa yangu."

Alikuwa kijana mrefu, shati lina madoa ya mafuta ya injini, kofia imelalia sikio moja. Saidati, na kitenge chake cha njano na mtandio mweupe, huenda angetabasamu. Lakini neno mbwa lilimpandisha hasira.

"Mbwa gani? Si ile iko kwa Mukamurenzi, nyuma ya fundi Faradji?"

"Ndiye. Kaporali. Unamujua?"

"Muji muzima unamujua! Ukifunga mulango tu anaanza kubweka, na hanyamazi mpaka urudi. Mama yangu iko na homa, hapati usingizi. We ni mutu wa namna gani?"

Harerimana alishangaa kweli. Alikuwa baharia wa meli ya mizigo iendayo Bukavu, na chumba kile cha Mukamurenzi alikuwa amekipanga juzi juzi tu.

"Kubweka? Nikiwa nyumbani hata kukohoa hakohoi."

"Ndiyo maana nasema uko mujinga!"

Samaki wake akawasahau palepale. Jioni Harerimana aliwaleta hadi kwenye ua wa kina Saidati, jirani na chumba chake. "Bon," alisema, "nifundishe basi, we unayejua yote."

"Mi najua kitu moja: anaogopa hutarudi."

Tangu hapo, siku ambazo hakusafiri, alimkimbiza Kaporali ufukweni alfajiri mpaka achoke, kisha akamfungia ndani, akasimama kidogo nje ya mlango na kurudi kabla mbwa hajafungua mdomo. Kila mara alikawia zaidi. Muda huo wa kungoja aliupitisha kwenye ua, akiongea na Saidati aliyeketi akishona.

"Leo amenyamaza muda murefu, mupenzi."

"Nani mupenzi wako? Ongea pole pole, baba atasikia."

"Donc, kumbe umekubali, ila unaogopa baba."

Saidati alimrushia kipande cha kitambaa, akacheka. Mama yake alianza kulala mchana. Mapenzi yakakolea.

Kisha, Harerimana akiwa safarini, meli ikaharibika injini njiani. Mukamurenzi alimpa Kaporali chakula kupitia dirishani, lakini mbwa hakula. Alibweka mpaka sauti ikakauka, akaendelea kubweka. Fundi Faradji, baba yake Saidati, alitupa mkasi mezani.

"Imetosha! Kesho naita askari. Watamupiga risasi, na mwenyewe akirudi nitamuambia hivyo hivyo."

"Baba, meli imechelewa tu..."

"We unamutetea? Mbwa, ao mwenyewe?"

Baba yake alipokwenda msikitini, Saidati alichukua nyundo akavunja kufuli ya Harerimana. Kitasa kilimchana kiganja. Alimfunga Kaporali kamba akatembea naye hadi Kanzenze, kwa rafiki yake Mukagasana.

Harerimana aliporudi, alikuta mlango umevunjwa na chumba kitupu.

"Ni binti ya Faradji," Mukamurenzi alimwambia. "Alivunja, akaenda na mbwa."

Hakuuliza zaidi. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Faradji, akamkuta Saidati akishona mbele ya wateja, baba yake hayupo.

"Umemuua! Ulinichekea pale kwenye ua, kumbe unangoja niondoke! Huna roho, Saidati. Na mi mujinga nilikupenda!"

Wateja waliduwaa. Saidati alisimamisha cherehani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza nawe."

"Basi toka."

Angeweza kumweleza kwa maneno mawili. Hasira ilimkataza. Kesho yake alikwenda Kanzenze, akarudi adhuhuri akipita katikati ya soko na kamba mkononi, kitambaa kimezungushwa kiganjani. Wanawake wa mtaa walishika mdomo: binti wa Faradji anavuta mbwa! Alimkuta Harerimana akipigilia mlango wake, akamtupia kamba kifuani.

"Chukua mbwa yako. Askari wangemuua. We ulinitukana."

Kaporali alimrukia bwana wake akilia kama mtoto. Harerimana alikiona kile kiganja, rangi ikamtoka.

"Saidati... mi nifanye nini?"

"Ulinitukana barazani kwa baba, watu wakisikia. Unaniomba radhi hapa, chumbani, hakuna mutu?"

Harerimana alimfuata barazani, mbwa nyuma yao. Akavua kofia.

"Nimemukosea Saidati!" alipaza sauti mpaka wapita njia wakasimama. "Aliokoa mbwa yangu, mi nikamutukana! Nisamehe!"

Faradji alitoka, utepe wa kupimia shingoni, macho mekundu. Alimtazama binti yake, akatazama kiganja, akaelewa yote mara moja.

"Kumbe ni we ulimuficha. Na huyu sasa anataka nini kwangu?"

"Nataka kumuoa, mzee," alisema Harerimana.

"Mukristo! Na mbwa juu!" Faradji alinyoosha kidole kumwonyesha Kaporali. "Na hii nayo itakwenda wapi?"

Saidati bado alikuwa amekasirika, na wote wawili waliisikia hasira hiyo sautini mwake.

"Anakuja naye, baba. Akibaki peke yake analia."

Faradji aliingia ndani akabamiza mlango. Harerimana aliketi barazani kumngoja, na Saidati akarudi kwenye cherehani yake.