Duara la Ukurasa wa Arobaini

Haya yalimpata rafiki yangu, mkemia asiyeamini kitu mpaka akipime. Angekuwa mshairi nisingewasumbua.

Mchana mmoja alikwenda maktaba kurudisha kadi ya marehemu mama yake ili ifutwe. Mama huyo alipenda riwaya za upelelezi, na kila iliyomkosesha usingizi aliitia duara dogo la penseli chini ya ukurasa wa arobaini, bintiye ajue cha kuazima. Tangu mazishi, binti hakuwa amesoma hata moja. Alitaka yaishe.

"Dada, kabla sijafuta, jaribu hii," mkutubi alisema. "Imetoka mwezi huu. Nilivyoisoma yangu nyumbani, mume wangu alikula mkate mkavu siku mbili."

Akachana nailoni ya nakala mpya mbele yake.

Kwa mazoea tu, rafiki yangu alifungua ukurasa wa arobaini. Duara lilikuwepo.

"Umechora wewe?"

"Mimi tena? Si umeniona nikiichana sasa hivi?"

Umeme ukakatika. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Mkutubi alikuwa ng'ambo ya kaunta, akipekua droo kutafuta tochi. Ndipo rafiki yangu aliposikia, karibu kabisa na sikio lake, mtu akilamba kidole, kisha karatasi ikifunuliwa taratibu.

"Basi kadi nifute?" mkutubi aliuliza gizani.

Taa ziliporudi, kitabu mikononi mwake kilikuwa ukurasa wa arobaini na mbili, na kona ya karatasi ilikuwa imelowa mate.