Sukari ya Posa

"Zima hiyo simu, Zarina! Zima!"

Wanawake wote chumbani wakamgeukia Rehmat. Mtu kaalikwa kwa sababu anafanya kazi ofisi moja na Zarina, kaja na trei ya sambusa, na sasa anafoka siku ya posa ya mwenzake! Hapo ni nyumbani kwa kina Zarina, mtaa wa Don Mills, Toronto. Wanaume walikuwa sebuleni, na Ameer, mchumba mwenyewe, alikuwa anasubiri kuitwa ndani walishane sukari. Ukiilamba mbele ya wazee, umekubali.

"Una wivu, binti?" mama yake Ameer akauliza, kijiko cha sukari mkononi. "Mwache atusikilizishe jinsi mwanangu alivyomtongoza."

Zarina akabonyeza tena. Sauti ya Ameer ikaendelea, tamu mpaka inaudhi: "Waarabu walisema *sukkar*. Wahispania wakachukua, wakasema *azúcar*. Waitaliano *zucchero*, Wafaransa *sucre*..."

"Wajerumani *Zucker*, Waingereza *sugar*," Rehmat akadakia. "Ulaya nzima imeazima jina lako, mpenzi, na bado haijakuonja."

Simu ikafuata nyuma yake na maneno yaleyale, hata ile pumzi kabla ya "mpenzi".

"Umeyatoa wapi hayo?" Zarina akauliza.

Rehmat akawasha simu yake. Sauti ileile.

"Kanitumia Ijumaa iliyopita. Eti atakuja kwetu kuposa baada ya Idi. Ulivyokuwa unamtaja Ameer wako, nilidhani ni mwingine, Toronto ina akina Ameer wengi!"

"Wanaume ndivyo walivyo," mama yake Ameer akasema, akasogeza kijiko. "Fungua mdomo, wageni wanangoja."

"Mwite kwanza Ameer," Zarina akasema.

Ameer akaingia akitabasamu. Alipomwona Rehmat, uso ukamshuka.

"Zarina, listen, naweza kueleza. Huyu nilikuwa namtania tu."

"Mimi wa kutaniwa?" Rehmat akamvamia kwa maneno. "Mwongo mkubwa wee! Ulinitaka nikupe saizi ya pete umpelekee mama yako!"

"Rehmat, nyamaza, usiniharibie!"

"Usimnyamazishe," Zarina akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alimpenda huyu mwanamume, na ndiyo maana alikuwa anamchukia hivyo. "Kila asubuhi nasikiliza sauti yako kwenye basi, nacheka peke yangu kama mwehu. Nikalitafuta hilo neno sukari mpaka kwao, nije nikuongezee kipande ulichosahau. Nilikuwekea siku ya harusi."

"Kipande gani?"

"Waarabu walilipata kwa Waajemi, Waajemi kwa Wahindi wa kale. Na huko India, kabla halijawa sukari, lilikuwa changarawe."

"Mbona unanigombeza kwa maneno ya vitabuni?"

"Nakugombeza kwa Ijumaa iliyopita, Ameer."

"Zarina, mwanangu, tusiaibishane," mama yake Ameer akasihi, kijiko kikamgusa binti midomoni.

Zarina akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akairudisha sukari bakulini, hadi chembe ya mwisho, akafunika. Kisha akafungua mlango wa sebuleni.

"Baba, wageni wamalizie chai yao waondoke. Sukari hakuna."